Nyumba ya Ugenini: Talaka na Mwanzo Mpya katika Filamu Mbili za Mapenzi, kwa Mtazamo wa Njia ya Misafara ya Tabora

Utangulizi

Filamu ya mapenzi inayomhusu mwanamke aliyetengana na mumewe akaenda kuanza maisha ng'ambo ina umbo linalotambulika upesi: ndoa huvunjika, safari hufuata, makazi ya ugenini hupatikana, na mwishoni hutokea mwanamume mwingine. Makala haya yanachunguza filamu mbili za aina hiyo: Under the Tuscan Sun (2003) ya Audrey Wells na Eat Pray Love (2010) ya Ryan Murphy. Ni rahisi kuzihesabu filamu hizi kuwa ndoto za wenye fedha na kuishia hapo. Makala haya yanazisoma kwa kutumia msamiati na historia ya mahali ambapo kuhamia ugenini lilikuwa jambo la kawaida, yaani Tabora na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kufika Ujiji. Hoja kuu ni kwamba filamu hizi zinausawiri vizuri upweke wa aliyeachika, lakini zinamweka pembeni mtu ambaye kazi yake ndiyo inayouwezesha mwanzo mpya.

Kuacha, kuachwa na kukaa eda

Kiswahili hubeba mahusiano ya mamlaka katika viambishi vya kitenzi. Kwa matumizi yaliyozoeleka, mume huacha, mke huachwa au huachika, na wawili wakikubaliana huachana. Frances wa Under the Tuscan Sun ameachwa: mumewe amepata mwingine, na talaka inamwondoa katika nyumba yake. Liz wa Eat Pray Love ndiye aliyeacha, na kiima hicho cha kike mbele ya kitenzi cha kutenda kina uzito wake. Hata hivyo, filamu zote mbili zinawapa wahusika hawa msuko unaokaribia kuwa mmoja, kana kwamba aliyeacha na aliyeachwa huanza safari wakiwa na mzigo uleule. Hatia ya Liz inatatuliwa nchini India kwa tukio la kuwaziwa, anapocheza dansi na mume aliyemwacha. Mume huyo hapewi nafasi ya kujibu kwa sauti yake mwenyewe.

Jambo la pili ni muda. Katika mji wenye urithi mkubwa wa Kiislamu kama Tabora, talaka haifuatwi mara moja na safari. Hufuatwa na eda. Kwa mujibu wa fiqhi, mwanamke aliyepewa talaka rejea hukaa eda katika nyumba ileile ya ndoa, na mlango wa kurejeana huwa bado haujafungwa. Under the Tuscan Sun inalikaribia wazo hili bila kulitaja. Kabla ya kwenda Italia, Frances anapanga chumba katika jengo la San Francisco linalokaliwa na watu waliotoka katika ndoa zilizovunjika, na usiku kilio cha jirani kinapenya ukutani. Hiyo ni eda isiyo na hesabu ya siku wala jamaa wa kuisimamia. Sehemu hii fupi ina ukweli mwingi kuliko mandhari yote ya mizeituni inayofuata, nayo filamu inaiacha haraka mno.

Reli na unyayo

Sitiari kuu ya filamu ya Wells inatolewa na Martini, dalali wa nyumba. Anamsimulia Frances kuhusu reli iliyojengwa katika milima ya Alps kabla ya kuwapo treni yenye uwezo wa kuipita. Funzo lake ni kwamba mtu ajenge nyumba kwanza, na watu wa kuishi ndani yake watakuja. Magharibi mwa Tanzania mpangilio ulikuwa kinyume. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa kiasi kikubwa mwelekeo ambao wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa wameukanyaga kwa miaka mingi wakiwa na pembe za ndovu na vitambaa mabegani. Unyayo ulitangulia chuma. Sitiari ya Martini inafariji kwa sababu inaiweka njia mbele ya msafiri na kumsahaulisha aliyeitengeneza.

Mgeni na jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Frances hapewi jembe. Yeye ndiye anayewalipa wanaolishika. Nyumba yake ya Bramasole inakarabatiwa na mafundi kutoka Poland, ambao nao ni wageni Italia. Hapa filamu inafanya jambo la busara. Kijana mmoja wa mafundi hao, Pawel, anakataliwa na wazazi wa mchumba wake kwa kuwa hana ukoo mahali pale, na Frances anajitangaza kuwa ndiye jamaa yake. Kwa tamko hilo, mgeni anamzalia mgeni mwenzake udugu. Harusi aliyoitamani Frances inafanyika nyumbani kwake, lakini bibi harusi si yeye. Laiti filamu ingekomea hapo, isingehitaji mwandishi wa Kimarekani anayeletwa mwishoni ili kukamilisha kanuni ya utanzu.

Eat Pray Love haifikii kiwango hicho. Huko Bali yupo Wayan, mganga aliyetoka katika ndoa ya mateso akiwa na binti yake. Yeye ndiye mtalaka anayeanza upya bila tiketi ya ndege. Liz anawachangisha marafiki fedha ili Wayan apate nyumba, na wema huo ni wa kweli. Lakini Wayan anageuzwa kuwa ushahidi wa kupona kwa Liz.

Ukimya huu una mfano katika maandishi ya Kiswahili yenyewe. Katika tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, iliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, yumo Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, aliyeolewa na baba yake msimulizi. Ndoa hiyo inasimuliwa kwa faida iliyomletea mume. Karunde mwenyewe hasemi. Utafiti wa Stephen Rockel wa mwaka 2000 umeonyesha kwamba wanawake walishiriki misafara hiyo kama wapagazi, wapishi, wafanyabiashara na wenzi wa safari. Walikuwapo njiani, ila usimulizi haukuwapa kiima.

Hitimisho

Kasoro ya filamu hizi haitokani na ugeni wake. Tawasifu ya mwanamume wa misafara na filamu ya mwanamke wa Marekani zinakutana katika tabia moja: kumfanya mwenyeji, hasa mwanamke, kuwa shamirisho katika sentensi ya msafiri. Watunzi wa filamu za Kiswahili watakaoishughulikia mada hii wana malighafi karibu nao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mgawanyo wa mali iliyochumwa pamoja, na katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali hiyo. Mwanamke anayeshuka katika stesheni ya Tabora akiwa na sanduku moja na hukumu ya mahakama mkononi ni mhusika anayestahili filamu nzima. Filamu hiyo ikitengenezwa, impe nafasi pia mwanamke atakayempangisha chumba, na aeleze mwenyewe alifikaje pale.