Land Cruiser FJ: Tairi Liko Mgongoni, Asanteni!

Limekuja na tairi mgongoni! Naanza hapo hapo. Taa, rangi na injini zitasubiri. Toyota ilipolifunua Land Cruiser FJ tarehe 21 Oktoba 2025, kila mtu alikimbilia picha za mbele kuona sura ya mtoto. Mimi nilienda nyuma. Na kule nyuma, kwenye mlango unaofunguka kwa ubavu, limetundikwa tairi zima, nene, lenye rimu yake, linaloonekana kulingana kabisa na yale manne yaliyokanyaga chini. Nikapiga makofi peke yangu sebuleni. Watoto wakaja mbio kuuliza nani kafunga goli.

Kwa asiyefuatilia magari, kelele zangu kuhusu tairi la spea zitaonekana ni za mtu aliyekosa kazi. Spea si ipo tu? Haipo tu, ndugu yangu. Siku hizi unaweza kununua gari jipya lenye kimo cha kutisha na tangazo linalolionyesha likipanda mlima, kisha ukafungua buti ukakuta chupa ya gundi na kipampu cha umeme cha ukubwa wa tofali. Basi. Hiyo ndiyo spea yako. Ndiyo maana picha moja ya mlango wa nyuma imenikosesha usingizi.

Ngoja kwanza nilisifie gari lenyewe, la sivyo nitapasuka. Urefu wake ni milimita 4,575, upana 1,855, kimo 1,960. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,580, yaani pungufu ya 270 ukililinganisha na Land Cruiser 250, Prado wa sasa. Kwa hiyo ni gari fupi lililosimama wima, na linageuka kwa nusu kipenyo cha mita 5.5. Mtu aliyewahi kukwama na gari refu kwenye kichochoro, mbele mkokoteni wa machungwa, nyuma bajaji tatu, anaelewa thamani ya tarakimu hizo. Kona za bampa, mbele na nyuma, zinafunguliwa kipande kipande, hivyo ukigonga kisiki unabadilisha kipande kilichovunjika na bampa lako linabaki. Jamani! Nani kule Toyota amekuwa akisikiliza maombi yetu?

Na halina ushangingi. Hakuna ngozi ya krimu ya mheshimiwa. Ukilitazama kwa ubavu linakukumbusha mkonga, ile Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyoanza mwaka 1984, ambayo mpaka leo hubeba chanjo, walimu na magunia ya mahindi kwenda mahali ambapo ramani imekata tamaa.

Injini nitaipita haraka kwa sababu mnaijua. Ni 2TR-FE, petroli, lita 2.7, nguvu farasi 163, torki niutonmita 246, gia otomatiki za mbele sita. Ndiyo, ile ile! Ile ya Hiace, ile ya Prado TX zilizoletwa kutoka Japani zikiwa zimetumika. Wapenda kasi wamenuna, na kwamba injini hii inapenda kunywa sikatai. Lakini fundi wa Sumbawanga ameshaifungua, na fundi wa Isiolo pia, tena bila kompyuta. Nimemaliza. Turudi mgongoni.

Watengenezaji wanaing'oa spea kwa sababu zao, na si za kijinga. Tairi na rimu la gari la namna hii hukaribia kilo 30. Kilo 30 ni mafuta, na mafuta ni moshi, na moshi una sheria zake. Uvunguni nako nafasi imekuwa ya kugombaniwa tangu betri kubwa zianze kuingia. Halafu kuna gharama: tairi la tano kwa kila gari kwenye kiwanda kinachotoa magari maelfu kwa maelfu ni fedha nyingi. Na mteja wa Stuttgart au Los Angeles akipata pancha anapiga simu, anasubiri, gari la msaada linafika. Kwake chupa ya gundi ni mzaha unaovumilika.

Lakini ona tulipofika. Mwaka 2024 Mercedes-Benz walitoa G-Class ya umeme, G 580. Ina mota nne, farasi 587, inaweza kujizungusha papo hapo ilipo, na inaingia kwenye maji ya kina cha sentimita 85. Chuma cha kustaajabisha! Kisha mlangoni nyuma, pale ambapo G-Class imetambulika kwa tairi lake miaka yote, wakaruhusu mteja aweke kisanduku cha mraba cha kuhifadhia nyaya za kuchajia. Kinapendeza, kinafungwa kwa ufunguo. Unaweza kuvuka mto kwa gari hilo na kufika ng'ambo ukiwa na waya mkavu, huku tairi lako limepasuka.

Gundi yenyewe siidharau. Msumari ukiingia kwenye kashata za tairi, tundu likawa la milimita sita hivi au chini ya hapo, gundi itaziba, kipampu kitajaza upepo, na utafika kwa fundi pancha (atakayekulaani kimoyomoyo kwa uchafu uliomjazia ndani ya rimu). Mjini inatosha. Lami ya Dodoma hadi Morogoro inatosha.

Sasa ichukue chupa hiyo uende nayo kutoka Marsabit kuelekea Loiyangalani, kwenye yale mawe meusi ya volkano mashariki mwa Ziwa Turkana. Jiwe la kule huchana. Tena huchana ubavuni, pale tairi lilipo jembamba na linapojikunja kila linapozunguka. Ukiinama utaona mpasuko wa urefu wa kidole, nyuzi za ndani zimechungulia, na ukiweka gundi yako itatoka yote kwa mapovu meupe na kudondoka mchangani. Ukijaza upepo utausikia ukipita. Chupa ya pili haitasaidia, na simu haina mtandao. Dawa ya ubavu uliochanika ni moja tu: tairi jingine.

Halafu liwe tairi la kweli. Hapa FJ lenyewe linatoa sababu ambayo wengi hawaifikirii. Mfumo wake wa fo wili ni ule wa kuunga: kwenye lami linasukumwa na magurudumu ya nyuma, ukifika kwenye tope unaunga ya mbele. Ukishaunga, hakuna difu ya katikati ya kusawazisha mambo. Shafti ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja kwenye transifa na zinazunguka kwa mwendo mmoja, zitake zisitake. Sasa funga nyuma kile kitairi chembamba cha dharura, chenye maandishi ya kukuonya usizidi kilomita 80 kwa saa. Kwa kuwa ni kidogo, lazima kizunguke mara nyingi zaidi ili kwenda umbali ule ule, na hapo ekseli ya nyuma inataka mwendo wake na ya mbele wake. Kwenye tope matairi yatateleza kidogo na ugomvi utaisha. Kwenye ardhi kavu inayoshika hakuna pa kuteleza, kwa hiyo mfumo mzima unajisokota: usukani unakuwa mzito, gari linarukaruka kwenye kona, na ukitaka kutoa fo, gia inagoma. Endelea kulazimisha na utalipia transifa. Kwa gari la aina hii tairi la tano linapaswa kuwa na saizi ile ile na rimu ile ile, na kashata zake zisipishane sana na za wenzake. Ndiyo maana naliangalia lile la mlangoni na kuchekelea.

Na kwa nini mlangoni, wakati uvunguni kuna nafasi? Oh, nilikuwa nasubiri swali hili!

Aliyewahi kuteremsha spea ya uvunguni kwenye tope hahitaji maelezo, nawaeleza wengine. Kuna tundu dogo karibu na bampa la nyuma, unachomeka fimbo ndefu ya chuma na kuzungusha ili mnyororo uliolishika tairi ushuke. Hiyo ni siku ya jua. Siku ya mvua, tundu limejaa udongo uliokauka wa safari ya juzi, fimbo inachomeka nusu, mnyororo una kutu na unashuka kwa mikwaruzo kisha unasimama. Na kama pancha ni ya nyuma, gari limelala upande huo, kwa hiyo tairi likishuka linagota ardhini na halina pa kutokea. Unalala kifudifudi. Unachimba kwa mikono, shati la kazini ukiwa bado umelivaa. Linatoka hatimaye, na unagundua halina upepo, kwa sababu tangu ununue gari hujawahi kupinda mgongo kulikagua.

La mlangoni unaliona kila asubuhi. Nati chache, spana ya magurudumu, limeshuka, limesimama wima pembeni yako tayari kubiringishwa. Kunyanyua kilo 30 kulirudisha juu ni kazi, sibishi, mwite mwenzako.

Lina kasoro zake, nazo hata mimi ninayelipenda nazijua. Linakuzibia kioo cha nyuma, hasa unaporudi rivasi na watoto wa jirani hawaeleweki walipo. Mlango mzito hula bawaba: miaka michache ya barabara ya vumbi yenye mikunjomikunjo, na utaanza kusikia kelele nyuma ambayo fundi wa kwanza atakuambia ni shokapu na wa pili atakuambia ni bushi. Mlango wa ubavu unataka nafasi, hivyo ukiegesha na nyuma yako pana ukuta, mizigo utaitolea kwenye viti. Yote haya ni usumbufu, na usumbufu ninaweza kuishi nao. Kulala porini kwa sababu ya mpasuko wa urefu wa kidole, hapana.

Ndugu zetu wa Muscat na Sur watakuwa wanacheka kwamba tunajadili jambo hili. Wao waliliendesha FJ Cruiser, lile lililotangulia lenye herufi hizi hizi, na Ghuba iliendelea kulipenda miaka mingi baada ya soko la Marekani kuachana nalo mwaka 2014. Nalo lilibeba tairi mlangoni. Kwenye matuta ya mchanga ya Sharqiyah dereva hupunguza upepo, toka paundi 32 hadi 18 au chini zaidi, ili tairi litanuke na kuelea juu ya mchanga. Raha tupu! Ila tairi lenye upepo kidogo likikatwa kona kali, ukingo wake huchomoka kwenye rimu na upepo wote hutoka kwa pumzi moja. Hakuna tundu hapo. Gundi itaziba nini?

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaouliza kama gari jipya la porini libebe spea ni ndiyo, la saizi kamili, mahali ambapo mtu mmoja mwenye jeki na tochi anaweza kulifikia. Na kama unakwenda mbali, beba mawili. Madereva wa watalii wa Arusha wamezoea kutoka na spea mbili kwenda Natron na Serengeti, na hao hawabebi uzito kwa sifa. Kwenye FJ, la pili utaliweka juu ya keria, ukikumbuka kwamba gari fupi na refu kwenda juu, likiongezewa kilo 30 kichwani, linataka adabu kwenye kona.

Toyota walitangaza kwamba litaanza kuuzwa Japani karibu na katikati ya mwaka 2026. Nawajua baadhi yenu, mmeshaanza kupiga hesabu za meli na ushuru. Sawa. Likifika bandarini, usilipige picha tu. Teremsha tairi la mlangoni siku ya kwanza, pima upepo, usome tarakimu nne zilizochapwa ubavuni: 2325 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2025. Mpira huzeeka hata ukiwa umetundikwa, na la mlangoni hupigwa jua zaidi ya yote. Liingize kwenye mzunguko na mengine manne kila unapobadilisha matairi nafasi, ili yote matano yalike pamoja na transifa yako iishi kwa amani.

Na loki nati nunua siku hiyo hiyo, kabla hujalala. Tairi jipya la Land Cruiser lililowekwa kimo cha mkono, nje, usiku, Dar es Salaam? Wapo watakaolipenda kuliko mimi.