"Nimecheki, iko sawa": Kitenzi kinachoficha kazi kwenye saiti

Katika lugha ya mjengo hapa Mombasa, kitenzi "kucheki" kimemeza vitenzi vingine vitatu: kukagua, kujaribu na kupima. Sina ugomvi na maneno ya mkopo kwa jumla. Soketi, fyuzi, swichi, mita na transfoma tumeyakopa yote na yanatutumikia vizuri. Hata "stima", ambayo wasanifishaji wangependa tuiachie meli, haijamdhuru mtu (umeme wenyewe tulimnyang'anya radi). Lakini "kucheki", kinapotumiwa kuhusu umeme wa muda, hufunika kazi ambayo haikufanywa.

Umeme wa muda ni ule unaoletwa kiwanjani kabla nyumba haijasimama: mita ndani ya kisanduku, meni swichi, kisha nyaya ndefu za ekstensheni hadi kwenye mikisa, grainda, pampu ya maji na mashine ya kuchomelea vyuma. Zunguka Kisauni, Likoni au Changamwe, popote gorofa zinapoinuka utauona. Volti ni 240, zile zile za nyumbani, ila mazingira si ya nyumbani. Waya hulala kwenye matope ya masika, toroli hupita juu yake, hewa ya chumvi hula viungo vyake, na anayeshika mashine aghalabu viatu vyake vimelowa.

Kwenye saiti moja ya Kisauni nilimsikia msimamizi akiuliza, "Fundi, umecheki ile laini?" Akajibiwa, "Nimecheki, mzee. Iko sawa." Fundi hakusema uongo. Alikuwa amewasha grainda, ikazunguka. Msimamizi aliuliza kama laini ni salama. Fundi alijibu kwamba laini inafanya kazi. Kitenzi kimoja, maana mbili, na hakuna aliyetambua kuwa hawakuelewana. Waya wa ardhi ukikatika, mashine huzunguka vile vile. Umeme ukivujia kwenye bodi ya chuma hubaki pale pale, ukingoja mkono wa mtu.

Kwa hiyo tuvitenganishe vitenzi hivi. Kukagua ni kazi ya macho na vidole: ganda la waya limechubuka? Plagi imepasuka? Kuna mahali pameungwa kwa selotepu? Mtu wa mkono anaweza kuifanya kila asubuhi akifunzwa.

Kujaribu ni kukitaka kifaa kifanye kazi yake ili tuone. Swichi ya kukata umeme unaovuja, ambayo aina ya kumlinda mtu hukata mvujo unapofika miliampia 30, ina kitufe cha majaribio. Ukikibonyeza nayo isikate, haifai. Lakini kitufe hicho hujaribu swichi tu, hakisemi lolote kuhusu waya wa ardhi. Ndiyo maana kitenzi cha tatu hakiepukiki.

Kupima ni kwa chombo, na chombo hutoa namba. Chukua fimbo ya ardhi. Sehemu kubwa ya Kisauni imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, mwamba ule ule uliokifanya kiwanda cha saruji cha Bamburi kianze uzalishaji mwaka 1954. Mwamba huo ukikauka haupitishi umeme vizuri. Fimbo inaweza kusimama wima, imefungwa vizuri, ukaikagua ukaridhika, kumbe njia ya kwenda ardhini ni hafifu. Jicho halioni omu.

Wasomi wenzangu nao nawalaumu. Tumejishughulisha sana na nomino. Tuna "kipitishi", "kihami" na "ukinzani", istilahi nzuri zilizobaki madaftarini mwa wanafunzi. Vitenzi vya kazini tumeviacha vijitafutie maisha. Serikali haijasaidia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 na Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, ambayo chini yake mafundi wa umeme hupewa leseni, zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Karatasi inasema Kiingereza, midomo inasema Kiswahili, na katikati yake ndipo "kucheki" kinapopata nafasi.

Kuna pia kile kiambatisho kidogo: "ni wa muda *tu*." Kwa mtaalamu wa umeme, muda huongeza masharti badala ya kuyapunguza. Uingereza, kwa mfano, mashine za mkononi za saiti kwa kawaida hupewa volti 110 kupitia transfoma, iliyopangwa hivi kwamba kati ya waya mmoja na ardhi zibaki 55 pekee. Huko muda umekuwa sababu ya kujihadhari. Kwetu "tu" imegeuza "wa muda" kuwa "wa kubahatisha", na fundi mwenye leseni huitwa wakati wa kuingiza umeme wa nyumba, baada ya miezi mingi ya kutumia huo wa kubahatisha.

Fomu ya ukaguzi wa saiti ingeweza kuandikwa kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, bila istilahi hata moja ya kamusi. Imekaguliwa na nani, leo asubuhi? Kitufe kimebonyezwa, swichi ikakata? Waya wa ardhi umepimwa lini, na chombo kilisoma omu ngapi? Swali hilo la mwisho halikubali jibu la "nimecheki".