Shamba la Kihistoria, Kuanzia Lini?

Nililala Gibb's Farm, Karatu, usiku mmoja kwa fedha za mradi wa utafiti. Kwa mfuko wangu nisingefika hata getini. Nakiri, ni pazuri. Mboga za chakula cha jioni zilitoka bustanini, na asubuhi nilikunywa kahawa nikitazama mibuni na msitu wa Ngorongoro.

Simulizi la shamba hili ni fupi, halisahauliki: walowezi wa Kijerumani miaka ya 1920, Mwingereza James Gibb mwaka 1948, wageni wa kulala kuanzia 1972. Hiyo ndiyo historia tunayouziwa. Si ya uongo, ila inaanza kuhesabu kwa kuchelewa.

Chini ya nyanda hizi hizi, kwenye Bonde la Ufa, kuna Engaruka. Tangu karne ya 15 hivi wakulima walijenga huko matuta ya mawe na mifereji ya kumwagilia, wakalima kwa takriban miaka 300. Baadhi ya watafiti wanawahusisha na mababu wa Wairaqw, ambao leo ni wengi Karatu.

Kasoro ninayoiona, basi, haiko jikoni wala chumbani. Iko katika lugha yetu. Tumekubali kwamba shamba huwa la kihistoria likishapata hati, baraza na jina la mtu mmoja. Nami nimo: kwenye kitabu cha wageni niliandika "shamba zuri la kihistoria", ilhali Engaruka sijawahi kukanyaga.