Mughal-e-Azam: Nani Aliyewatenga Wapendanao?

Watu watazamapo sinema ya wapendanao waliotengana, aghalabu hufuta machozi wakasema, "Hawakuandikiwa." Neno hili ni jepesi kutamka, tena hutuliza moyo, lakini mhakiki hana budi kulipima kabla ya kulikubali. Nakuomba, msomaji, tulipime pamoja katika filamu mashuhuri ya Bara Hindi, Mughal-e-Azam, iliyoongozwa na K. Asif na kutolewa mwaka 1960.

Kisa chenyewe ni hiki. Mfalme Akbar alikaa muda mrefu bila mrithi. Kijakazi mmoja alipomletea habari ya kuzaliwa mtoto mwanamume, mfalme kwa furaha alimpa pete yake, akamwahidi kumtimizia ombi lolote atakaloleta. Mtoto huyo, Salim, alipelekwa vitani angali mdogo. Aliporejea mtu mzima, alimpenda Nadira, mcheza ngoma wa jumba la kifalme, ambaye Akbar mwenyewe alimpa jina la Anarkali, yaani ua la mkomamanga. Msichana huyo alikuwa binti wa kijakazi yule yule wa pete.

Usiichukue hadithi hii kuwa historia. Akbar wa kweli alitawala tangu mwaka 1556 hata 1605. Mwanawe Salim alimwasi, kisha akamrithi kwa jina la Jahangir. Lakini habari za Anarkali ni masimulizi yasiyo na ushahidi madhubuti. Msanii ameyachukua masimulizi hayo ili aseme jambo lake, nasi tumhukumu kwa jinsi alivyolisema.

Tazama sasa jinsi milango ilivyofungwa, mmoja baada ya mwingine. Bahar, kijakazi mwenye husuda, aliwachongea wapendanao kwa mfalme. Mfalme akamfunga Anarkali minyororo gerezani. Salim akamwasi baba yake, akashindwa vitani, akahukumiwa kufa. Anarkali akajitoa ili kumwokoa, naye akahukumiwa kujengewa ukuta angali hai. Katika orodha hii yote, je, waona mahali ambapo majaliwa yalifunga mlango bila mkono wa mtu?

Uzuri mkuu wa filamu hii umo katika wimbo wa ukumbi wa vioo. Sehemu kubwa ya picha ilipigwa kwa nyeusi na nyeupe, ila hapa rangi zinachomoza ghafla. Anarkali, ambaye ni Madhubala, anacheza mbele ya baraza na kulikiri penzi lake. Mfalme anainua macho, na sura ya msichana imejaa darini katika vioo visivyohesabika. Hana pa kuitazama dari asimwone. Wahenga walisema kuwa mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwongozaji amelionyesha neno hilo bila kulitamka. Jifunze kutambua kazi ya namna hii, maana ndiyo ipambanuayo sanaa na mahubiri.

Sifa nyingine ni Akbar mwenyewe, aliyeigizwa na Prithviraj Kapoor. Si katili wa kuchukiwa tangu mwanzo. Anampenda mwanawe, lakini anaamini kwamba kiti cha enzi kitavunjiwa heshima kijakazi akikikaribia. Kwa hiyo twamhurumia hata tunapompinga. Dosari nayo ipo: filamu inapita saa tatu, na kelele za vita na hotuba ndefu mara kwa mara huyafunika mapenzi tuliyokuja kuyatazama.

Lakini dosari kubwa zaidi naiona mwishoni. Mama wa Anarkali anaitoa ile pete na kuomba uhai wa binti yake. Ahadi ni deni, na mfalme analilipa: anawatoa mama na binti kwa siri kwa njia ya chini kwa chini, kwa sharti kwamba Salim asijue kamwe kuwa mpenzi wake yu hai. Filamu yataka tuisifu haki ya mfalme. Mimi nasema amelipa nusu ya deni. Alimpa msichana jina, sasa amemnyang'anya. Amemwachia pumzi, akamkataza kuishi kama yeye mwenyewe. Na mwanawe amemwachia msiba wa mtu asiyekufa.

Hapo ndipo neno "hawakuandikiwa" linapoanguka. Ukuta ule ulikuwa na njia ya kutokea, na aliyeijua njia ni yule yule aliyeamuru ukuta ujengwe. Aliyeweza kumtoa gizani aliweza pia kumtoa mchana. Hakukosa uwezo, alikosa moyo wa kushindwa mbele ya watu wake.

Basi, msomaji, utazame filamu hii, na ulie ukitaka kulia, kwani inastahili machozi. Lakini machozi yakikauka, yafuate matendo ya kila mtu katika kisa hatua kwa hatua, ujue nani alifanya nini na kwa sababu gani. Ukisingizia majaliwa mapema mno, utakuwa umemsamehe mfalme kabla hujamsikiliza Anarkali.