Platinamu ilishinda kwa panya, arseniki ikashinda kwa watu

Mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, alipitisha umeme kwenye chombo chenye bakteria. Bakteria wakaacha kugawanyika, wakarefuka hadi mara 300. Wengi wangeusifu umeme. Kumbe platinamu iliyoupitisha ilikuwa ikiyeyuka kidogo kidogo, na mchanganyiko uliotokana nayo ndio uliofanya kazi. Mwaka 1969 Rosenberg na wenzake walitangaza kwamba panya wenye lukemia (saratani ya damu) iitwayo L1210 waliishi muda mrefu zaidi walipochomwa mchanganyiko huo, dawa iitwayo sisplatini.

Iliporuhusiwa Marekani mwaka 1978, iliruhusiwa kwa saratani ya korodani na ya ovari. Lukemia iliyoifungulia mlango haikunufaika nayo.

Maabara za leo huanza hata kabla ya panya. Seli za lukemia zinazokuzwa, kama HL-60 na K562, hugawiwa kwenye sahani yenye vishimo 96, kisha kila safu hupewa dozi yake ya dawa. Baadaye hutiwa rangi ya manjano ambayo seli hai huigeuza zambarau, na mashine husoma ukali wake. Ni rahisi, na ni rahisi pia kudanganyika. Dawa ya metali, kama ya shaba au rutheniamu, huwa na rangi yake yenyewe, ikavuruga usomaji. Sisplatini nayo ikiyeyushwa kwa DMSO, kiyeyusho kinachopendwa maabara, hushikana nacho na kupoteza makali. Ukilinganisha dawa yako mpya na sisplatini ya namna hiyo, umeshindana na mpinzani mgonjwa. Na bila kujaribu seli za damu zenye afya kando, hujapima dawa, umepima sumu.

Sumu yenyewe ndiyo iliyofaulu. Arseniki, ambayo wanakemia huihesabu nusu metali, ilikuwamo kwenye dawa ya kienyeji pamoja na zebaki na sumu ya chura. Miaka ya 1970 Zhang Tingdong na wenzake huko Harbin, China, waliitenganisha, wakabaki na arseniki peke yake. Baadaye watafiti wa Shanghai walionyesha kwamba hushambulia protini mbovu inayosababisha aina moja tu ya lukemia, ya promielositi. Mwaka 2013 watafiti wa Ulaya waliichanganya na dawa ya jamii ya vitamini A kwa wagonjwa wasio katika hatari kubwa: baada ya miaka 2, asilimia 97 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 86 ya waliopewa dawa hiyo ya jamii ya vitamini A na kemotherapi.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Baleni, kisiwani Mafia, ukisikia madini fulani "yanaua saratani ya damu", uliza: yameua kwenye sahani, kwa panya, au kwa watu? Aina gani ya lukemia? Na mgonjwa mwenye homa zisizoisha, upungufu wa damu na michubuko isiyo na sababu apelekwe hospitali ya wilaya, Kilindoni, akapimwe damu. Arseniki ya hospitalini hutolewa kwa drip, moyo ukifuatiliwa. Ya dawa za kienyeji usimnyweshe.