Malaba 2020: kosa lilikuwa kupima langoni

Kuwapima korona madereva wa malori lilikuwa jambo la lazima. Kuwapimia langoni Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, lilikuwa kosa, na narudia kusema hivyo kwa sababu bado wapo wanaoutetea uamuzi ule wa Mei 2020, kwamba dereva asubiri majibu mpakani ndipo aingie Uganda. Foleni tuliiona sote, ikirudi makumi ya kilomita ndani ya Kenya.

Kumbukeni kilichokuwa kwenye milango ya makontena mengi ya transit pale: sili ya kielektroniki ya mfumo wa pamoja wa Kenya, Uganda na Rwanda, ulioanza 2017. Waya wake hupita kwenye komeo, ndani mna GPS na laini ya simu. Ukiikata, au lori likiacha njia iliyopangwa, vituo vya ufuatiliaji hupata taarifa papo hapo. Kampala walijua lori liko wapi tangu lilipotoka Mombasa. Sampuli ingechukuliwa Mombasa mzigo ukisubiri kutolewa bandarini, majibu yakatangulia Malaba, na sili ikatuonyesha kama dereva amesimama pasiporuhusiwa. Lakini taarifa zilibaki forodha, na watu wa afya wakaanza upya langoni.

Faida ya sili kwa mwenye lori ni mwendo, asisubiri tena msafara wa kusindikizwa na maofisa wa forodha. Lori likisimama, faida hiyo haipo, ilhali rejesho la benki linadaiwa, posho ya dereva inalipwa na kontena la baridi linakula dizeli usiku kucha.

Ndiyo maana siachi kuwataja walioanzisha Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki mwaka 2014. Hawakuwa na mitambo bora kuliko hawa wa 2020. Walihamisha kazi tu: kodi ilipwe kabla mzigo haujatoka bandarini, na safari ya Mombasa hadi Kampala ikashuka kutoka siku 18 hadi takriban 4. Hao walijua foleni inavunjiwa wapi. Kwenye mizani ya barabarani nako nimesema hivyohivyo miaka yote: lori lililopimwa likitembea na kuonekana halijazidisha, liachwe liende.

Mfumo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kufuatilia madereva kwa simu, uliokuja baadaye mwaka 2020, ulikuwa kazi nzuri, ila ulikuta foleni imeshatokea.

Mlipuko mwingine ukija, wizara za afya ziombe kwanza taarifa za sili kutoka mamlaka za mapato, kabla ya kupanga meza langoni.