Hongera Wasanifu wa Kiwanda cha Kioo

Gunter Henn na wasanifu wenzake wanastahili pongezi kwa Kiwanda cha Kioo cha Volkswagen mjini Dresden, Ujerumani, kilichofunguliwa mwaka 2001. Kuta ni za kioo, sakafu ya karakana ni ya mbao, na mnara wa mita 40 ulijengwa kuhifadhi magari ghorofa juu ya ghorofa. Kuanzia 2017 wageni waliliona gari la umeme, e-Golf, likiunganishwa mbele ya macho yao. Baadaye likafuata gari jingine la umeme, ID.3. Mafuriko ya mto Elbe yalipolifunga jumba la opera la mji huo mwaka 2002, opera ya Carmen ilichezwa kiwandani humo. Usanifu huu umempa fundi heshima yake: kazi ya mikono yake haikufichwa, ilionyeshwa kwa fahari. Wajenzi wa viwanda na waige.